SOMO: Kujenga jukwaa lako la kozi za mtandaoni, kuanzia karatasi hadi wanafunzi wa kwanza

Wakuu, salaam. Ujumbe ninaoupata kuliko mwingine wowote ni huu: "nataka tovuti ya kuuzia kozi zangu, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, na kila nikijibu nasahau kitu. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitampa kiungo cha uzi huu.

Somo ni la mtu anayejua seva ni nini, kanzidata ni nini, na amewahi kuandika programu hata ndogo. Kama bado hujafika hapo, hatua ya 1 na ya 2 zinakuhusu, nyingine ziache kwanza.

Kabla ya yote, shikeni hili. Mtu akiwaza jukwaa la kozi anawaza video. Video ni mzigo mzito kweli, ila kazi ya mfumo wenyewe ni kujibu maswali matatu kila mwanafunzi anapobonyeza somo: huyu ni nani, ana haki ya kuliona somo hili, na mara ya mwisho aliishia wapi? Mfumo unaoyajibu hayo bila kukosea unaweza kuwa na sura mbaya na watu wakasoma. Mfumo unaoyakosea hauokolewi na rangi wala vitufe vizuri.

Hatua ya 1: Andika kozi kwenye karatasi

Andika mwanafunzi ataweza kufanya nini akimaliza, kisha rudi nyuma: moduli zipi zinamfikisha hapo, na kila moduli ina masomo gani. Somo moja, jambo moja. Weka video fupi. Utafiti wa mwaka 2014 uliochambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulionyesha kwamba urefu wa video ndio uliotawala muda ambao watu waliendelea kutazama, na watafiti wakashauri video zisizidi dakika 6. Ukiwa na mhadhara wa dakika 40, huo si somo moja, ni masomo saba au zaidi ambayo hayajakatwa.

Hatua ya 2: Amua kama kweli unahitaji kujenga

Moodle, mfumo wa kuendesha kozi, ipo tangu 2002, ilianzishwa na Martin Dougiamas, ni programu huria na unaiweka kwenye seva yako. Open edX nayo ni huria, imeandikwa kwa Python, ila ni kubwa na inataka mtu wa kuitunza. Wenye WordPress wana plagini (viongezi) kama LearnDash, Tutor LMS na LearnPress. Msimamo wangu: kama lengo lako ni kufundisha, chukua moja ya hizo ukafundishe. Jenga mwenyewe pale ambapo njia yako ya kufundisha haiingii kwenye mifumo hiyo, au unapotaka kuimiliki data na malipo yako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kujenga kwa ajili ya kujifunza kujenga ni sababu nzuri pia, mradi usimwahidi mtu tarehe ya kufungua.

Hatua ya 3: Domeini, seva, HTTPS

Sajili domeini, kodi seva ndogo ya Linux, weka cheti cha bure cha Let's Encrypt (ndicho kinachowezesha HTTPS, yaani mawasiliano yasiyosomwa na mtu wa katikati) na uhakikishe kinajihuisha chenyewe kabla hakijaisha muda.

Hatua ya 4: Chora majedwali

Saba yanatosha kuanzia: watumiaji, kozi, moduli, masomo, usajili, malipo, maendeleo.

Jedwali la usajili ndilo wanaoanza hulisahau. Wanaweka safu kwenye jedwali la watumiaji inayosema "amelipa: ndiyo", na siku wakileta kozi ya pili mfumo mzima unadai kuandikwa upya. Usajili usimame peke yake: mtumiaji yupi, kozi ipi, kuanzia lini, hadi lini, na umetokana na nini (malipo, zawadi, ufadhili). Weka sharti la upekee kwenye jozi ya mtumiaji na kozi, ili kanzidata yenyewe ikatae kumsajili mtu mara mbili.

Fedha zihifadhi kwa namba kamili za sarafu ndogo kabisa. Namba za desimali za kompyuta si za pesa, 0.1 ukijumlisha na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Nakili bei kwenye rekodi ya malipo siku ya manunuzi, ili ukipandisha bei risiti za zamani zisibadilike. Saa zote zihifadhi kwa UTC (saa ya kimataifa), uzigeuze tu unapomwonyesha mtumiaji.

Hatua ya 5: Akaunti

Tumia mfumo wa kuingia uliokuja na framework yako (kiunzi cha programu, kama Django au Laravel), nenosiri lihifadhiwe kwa Argon2 au bcrypt (kanuni za kugeuza nenosiri lisisomeke), usibuni njia yako.

Hatua ya 6: Video

Usiweke video kwenye seva ileile inayoendesha tovuti. Piga hesabu: video ya 720p inayotumia megabiti 1.5 kwa sekunde ni megabaiti 675 kwa saa. Wanafunzi 100 wakitazama saa hiyo moja, umeshatoa gigabaiti 67.5, na wakiitazama jioni moja wote, ukurasa wako wa kuingia utakuwa unasubiri foleni nyuma ya video. Weka mafaili kwenye hifadhi ya wingu yenye mtandao wa usambazaji (CDN, seva nyingi zinazotoa nakala za mafaili) mbele yake, tovuti yako itoe kiungo tu.

Tumia ffmpeg, programu ya kugeuza video, kutengeneza matoleo matatu (360p, 480p, 720p) kwa H.264 na AAC (njia za kubana picha na sauti), uyakate vipande vya sekunde 6 kwa HLS, njia ya kutuma video kipande kwa kipande. HLS ilitoka Apple mwaka 2009, na faida yake ni kwamba mtandao ukilegea kichezeshi kinashuka kwenye toleo jepesi bila kusimama. Ukiamua kutumia MP4 ya kawaida, usisahau `-movflags +faststart`. Bila hiyo fahirisi ya faili inakaa mwishoni, na mwanafunzi mwenye mtandao mdogo anakodolea kioo cheusi.

Toa na toleo la sauti tupu. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima haifiki megabaiti 30. Mwenye bando dogo atakushukuru.

Viungo vya video viwe na saini (alama inayothibitisha kiungo umekitoa wewe) na muda wa kuisha, ila muda huo uzidi urefu wa somo kwa mbali. Kiungo kikifa baada ya dakika 5 na somo lina dakika 12, vipande vya mwisho vitakataliwa katikati ya maelezo na mwanafunzi ataamini video yako ni mbovu.

Hatua ya 7: Malipo

Soma hii mara mbili. Ndiyo niliyowahi kuiharibu, na naona karibu kila anayeanza anaelekea palepale.

Mwanafunzi akishalipa, kampuni ya malipo humrudisha kwenye ukurasa wako wa "asante". Akili inakuambia ufungue kozi hapo hapo. Nilifanya hivyo. Kuna waliolipa, mtandao ukakatika kabla hawajarudi kwenye ukurasa ule, pesa imeondoka na kozi imefungwa. Mtu aliyelipa halafu akakuta mlango umefungwa haandiki "samahani kuna hitilafu", anaandika "matapeli", na ana haki. Upande wa pili, anwani ya ukurasa ule ilikuwa inafunguka kwa yeyote aliyeijua, amelipa au hajalipa.

Ukurasa wa asante ni wa kusema asante. Kinachofungua kozi ni ujumbe ambao seva ya kampuni ya malipo inautuma moja kwa moja kwenye seva yako, bila kupitia kivinjari cha mwanafunzi. Mtiririko uwe hivi: kabla hujampeleka mtu kulipa, tengeneza rekodi kwenye jedwali la malipo yenye hali "inasubiri" na namba ya kumbukumbu uliyoitoa wewe. Ujumbe ukifika, kagua saini yake kwa ufunguo wa siri. Linganisha kiasi na sarafu na vile vilivyo kwenye rekodi yako. Vikilingana, ndani ya muamala mmoja wa kanzidata badilisha hali iwe "imelipwa" na uandike usajili. Vyote viwili au hakuna hata kimoja. Jibu 200 (yaani "nimepokea") upesi, barua pepe ya pongezi itumwe baadaye na kazi ya nyuma.

Tahadhari zake:

Ujumbe uleule utakuja zaidi ya mara moja. Seva yako ikichelewa kujibu, watautuma tena, na ndivyo inavyotakiwa. Weka sharti la upekee kwenye namba ya muamala, ujumbe wa pili upokelewe kwa 200 bila kufanya kitu.

Ujumbe unaweza kuja bila mpangilio. Usiruhusu "inasubiri" iliyochelewa ifute "imelipwa".

Seva yako italala siku moja. Kila usiku vuta orodha ya miamala kutoka kwa kampuni ya malipo, ilinganishe na jedwali lako, tofauti yoyote ikufikie kwa barua pepe.

Namba za kadi zisiguse seva yako kabisa. Ziingizwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, na mzigo wa kanuni za PCI DSS (za usalama wa data za kadi) utakupungukia sana.

Jaribu kwa kuvunja: lipa kwenye hali ya majaribio, funga kivinjari kabla hakijarudi, kisha ingia upya. Kozi ikiwa wazi, umepita.

Hatua ya 8: Maendeleo na majaribio

Hifadhi alipofika kila baada ya sekunde 10 hadi 15, na tena anaposimamisha video au kuficha ukurasa. Ukihifadhi kila sekunde utaitesa kanzidata bila sababu.

Weka maswali machache baada ya kila somo. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi siku kadhaa baadaye kuliko waliorudia kusoma tu. Jibu sahihi lisitumwe kwenye kivinjari kabla mwanafunzi hajajibu; kulificha kwa CSS si kulificha.

Hatua ya 9: Barua pepe

Weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC kwenye domeini yako, ndizo zinazothibitisha barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti, na barua ya kubadili nenosiri ikiishia kwenye taka mwanafunzi hana pa kuingilia.

Hatua ya 10: Nakala za akiba

Nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja iwe mbali na seva. Na uijaribu kuirejesha. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha hujui kama unayo.

Hatua ya 11: Fungua kwa wachache

Waite watu watano, watumie simu zao wenyewe, kaa kimya uangalie vidole vyao. Usimwelekeze mtu. Pale anaposita ndipo pa kurekebisha.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

MASWALI

kalamu_nyekundu: Shukrani sana mkuu, ubarikiwe. Kwa nini tusiweke video YouTube kwa kiungo kisichoorodheshwa? Si tutaokoa gharama ya hatua ya 6 yote?

Mwandishi: Swali zuri, na kwa masomo ya bure ya kuonjesha fanya hivyohivyo. Tatizo ni kwamba kiungo kisichoorodheshwa hakimuulizi mtu amelipa au hajalipa. Kikitoka kwenye kundi moja la WhatsApp kimetoka, na huwezi kumfungia mmoja bila kuwafungia wote. Pia pembeni ya somo lako kuna mapendekezo ya video nyingine yanayomwita mwanafunzi. Changanya: moduli ya kwanza bure YouTube, zilizobaki kwako.

nataka_haraka: Mkuu naomba msimbo wote nitumie inbox

Mwandishi: Sina msimbo wa kugawa. Andika jedwali la kwanza, ukikwama lilete hapa tulione wote.

upepo_wa_jioni: Nani anajua seva nzuri? Na ile HTTPS inanunuliwa?

Mwandishi: Hatua ya 3.

upepo_wa_jioni: Nimeipitia sijaona

Mwandishi: Ipo. Imeandikwa "cheti cha bure".

msimbo_safi: Hatua ya 7 imenifungua macho. Lakini nina swali: nyaraka za kampuni ninayotumia zinasisitiza saini ikaguliwe kwenye mwili ghafi wa ujumbe kabla ya kuusoma kama JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data). Kwa nini? Si data ni ileile?

Mwandishi: Kwa maana ni ileile, kwa baiti siyo. Saini kwa kawaida ni HMAC-SHA256: wanachukua baiti walizotuma pamoja na ufunguo wa siri, wanapata alama. Wewe unarudia hesabu hiyo upande wako. Ukishaisoma JSON na kuiandika upya, nafasi zinaweza kupungua, mpangilio wa majina ukabadilika, 10.0 ikawa 10. Baiti moja ikihama, alama yote inageuka na ujumbe halali unakataliwa. Kwa hiyo soma mwili kama ulivyo, kagua, kisha ndiyo uufungue kama JSON. Na kulinganisha alama mbili usitumie `==` ya kawaida. Kwenye Python kuna `hmac.compare_digest`, kwenye PHP `hash_equals`. Hizo hazitoboi siri kupitia tofauti ya muda wa kulinganisha.

msimbo_safi: Safi kabisa. Nilikuwa naiandika upya kabla ya kukagua, ndiyo maana zilikuwa zinakataliwa.

jiwe_la_pembeni: Nimefuata kila kitu lakini malipo hayafungui kozi. Somo lina kasoro.

Mwandishi: "Hayafungui" haitoshi kutambua tatizo. Kumbukumbu za seva yako zinasema nini ujumbe unapofika?

jiwe_la_pembeni: Zinasema 403

Mwandishi: Framework gani?

jiwe_la_pembeni: Django

Mwandishi: 403 maana yake ombi limekataliwa, na hiyo ni kinga ya CSRF, dhidi ya maombi ya kughushi kutoka tovuti nyingine. Django inadai tokeni ambayo hutoka kwenye fomu zako, na kampuni ya malipo haina fomu yako. Iondolee kinga anwani hiyo moja tu, kwa `csrf_exempt`. Saini ndiyo inayokulinda pale. Usizime kinga ya tovuti nzima, nimeona watu wanafanya hivyo. Wa Laravel mtaona 419, dawa ni ileile.

jiwe_la_pembeni: Imekubali. Asante, na samahani kwa lile neno kasoro.

Mwandishi: Haina shida.

haramia_koma: Hukugusia DRM (kufuli la kuzuia video kunakiliwa) popote. Bila DRM mtu anapakua kozi yote na kuiuza. Somo la namna hii linawapoteza watu.

Mwandishi: Sikugusia kwa makusudi. Widevine na FairPlay, ambazo ni DRM, zinazuia kupakua faili kwa njia ya kawaida, hazimzuii mtu anayeweka simu ya pili mbele ya skrini. Kwa anayeanza na kozi moja, ni kazi na gharama inayochelewesha kufungua. Viungo vyenye saini vinatosha kuzuia usambazaji wa kizembe, na ukiandika barua pepe ya mwanafunzi kwa herufi hafifu juu ya video, anayetaka kuisambaza anafikiri mara mbili. Zaidi ya hapo, kinachovuja ni video. Majibu ya mwalimu, masahihisho ya kazi na cheti haviwezi kupakuliwa. Weka thamani huko.

haramia_koma: Sawa, ila ungelitaja.

Mwandishi: Sasa limetajwa.

daftari_wazi: Mwalimu, mimi nafundisha watu ambao intaneti wanaipata mara mojamoja, wakifika penye mtandao. Wanataka kusoma wakiwa nje ya mtandao na maendeleo yao yasipotee. Inawezekana kujenga hivyo au ni ndoto?

Mwandishi: Inawezekana, na nakushauri uangalie Kolibri ya Learning Equality kabla hujaandika mstari hata mmoja. Imetengenezwa kwa mazingira hayo hasa: inakaa kwenye kompyuta moja, wengine wanaunganika nayo kwa mtandao wa ndani bila intaneti.

Ukitaka kujenga yako, anza na maandishi na picha, video ziwe nyongeza. Vivinjari vya kisasa vina kitu kinaitwa service worker, programu ndogo inayohifadhi kurasa kwenye simu na kuzitoa mtandao usipokuwepo. Mpe mwanafunzi kitufe cha "pakua moduli hii" na umwonyeshe ukubwa wake kabla hajabonyeza.

Kuhusu maendeleo, usitume hali ("amefika asilimia 60"), tuma matukio ("amemaliza somo la 4 saa fulani"). Kila tukio lipewe kitambulisho cha kipekee kwenye simu yenyewe lilipotokea. Akipata mtandao simu inatuma yote, seva inayaandika, yaliyokwisha kufika inayapuuza. Ni kanuni ileile ya ujumbe wa malipo unaokuja mara mbili. Na saa ya simu usiiamini sana, watu huibadilisha. Hifadhi saa ya simu na saa seva ilipopokea, zote mbili.

daftari_wazi: Hapa umenipa kazi ya mwezi mzima, nashukuru mno. Na wakitumia simu moja watu wawili?

Mwandishi: Basi kila tukio libebe na mtumiaji aliyekuwa ameingia wakati huo, na kutoka kwenye akaunti kusifute matukio ambayo hayajatumwa. Hilo la pili ndilo watu husahau.

sikio_kali: Naongezea kidogo kwa upande wa sauti, maana watu wanahangaika na kamera ya gharama wakati sauti inasikika kama ya chooni. Maikrofoni iwe karibu na mdomo, chumba kiwe na mapazia au nguo za kunyonya mwangwi. Ukimaliza pitisha kwenye ffmpeg kwa kichujio cha `loudnorm`, lenga -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), masomo yote yatoke na sauti ya kiwango kimoja.

Mwandishi: Hii ni nyongeza ya maana. Mwanafunzi anavumilia picha hafifu, sauti mbovu anafunga. Nitaiweka kwenye hatua ya 6.

kalamu_nyekundu: Na manukuu? Yana umuhimu au ni urembo?

Mwandishi: Yana umuhimu mkubwa. Asiyesikia anayahitaji, aliye kwenye kelele anayahitaji, na anayejifunza kwa lugha isiyo yake anayahitaji zaidi. Tumia WebVTT, ni faili la maandishi la kawaida: mstari wa kwanza unaandika WEBVTT, unaacha mstari mtupu, kisha saa ya kuanza na kuisha, kisha maneno. Yatengeneze kwa mashine ukitaka, halafu yasome yote kwa jicho lako, hasa majina na istilahi. Na ukishakuwa nayo, yaingize kwenye utafutaji wa jukwaa, ili mwanafunzi akiandika neno apelekwe sekunde ileile ulipolitamka.